Jaribio Likigoma: Tafuta Chanzo Kabla ya Kupika Data

Asubuhi moja ya Juni, ukungu ukiwa bado umeukalia mlima Loleza hapa Mbeya, nilimkuta binti wa kidato cha nne mwisho wa meza ya maabara akifuta daftari kwa nguvu hadi karatasi ikaanza kutoboka. Alikuwa amepima pendulumu, yaani gololi inayobembea kwenye uzi, na kupata g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ya 9.77. Jirani yake alimwambia kitabu kinasema 9.81, basi akawa anarudia jedwali lote, anapunguza sehemu za sekunde hapa na pale ili hesabu ikubali.

"Mwalimu, nimekosea," aliniambia kabla sijauliza.

Hakuwa amekosea. Namba 9.81 ni ya nchi zilizo mbali na ikweta, kama za Ulaya, karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko jirani na ikweta, halafu mji wa Mbeya umepanda mita 1,700 hivi juu ya bahari. Mambo yote mawili hupunguza g, na ya kwetu ni karibu 9.78. Tena stopwochi ya mkono haiwezi kuzitenganisha namba hizo. Kwa uzi wa sentimita 50, mibembeo 20 huchukua sekunde 28.41 pale g ikiwa 9.78, na sekunde 28.37 ikiwa 9.81. Tofauti ni sehemu nne za mia za sekunde, wakati kidole gumba cha mtu makini hukosea sehemu moja au mbili za kumi. Kwa hiyo alikuwa anafuta kipimo kizuri ili aweke uongo ambao kifaa chake kisingeweza hata kuuthibitisha.

Kila aliyepita sekondari analijua neno kupika data. Linaniuma kwa sababu moja: jibu lililopinda lina habari ndani yake. Kila kosa la maabara huacha nyayo, na mwenye kuzisoma hufika kwenye chanzo kwa dakika tano. Ukishapika, umezifuta. Hapa chini nimeandika nyayo ninazokutana nazo mara nyingi zaidi katika shule zetu za Nyanda za Juu Kusini, pamoja na njia za kuzifuata.

Pendulumu: g imetoka ya ajabu

Anza na ukubwa wa jibu lenyewe.

Ukipata g ya karibu 10.8, na ulihesabu mibembeo 20, usiguse uzi wala stendi. Jikumbushe ulivyohesabu. Wengi hubonyeza stopwochi wakisema "moja", na wakifika "ishirini" wanasimamisha. Mibembeo iliyopita hapo ni 19. Kipindi kinatoka kifupi kwa asilimia 5, na kwa kuwa kipindi hupigwa mraba, g hupanda hadi 10.8. Aliyehesabu mibembeo 10 kwa mtindo huo hupata karibu 12. Dawa ni kuanza kwa "sifuri". Mimi huwaambia wahesabu kinyumenyume: tatu, mbili, moja, sifuri, na kwenye sifuri ndipo wanabonyeza. Kidole nacho kinapata muda wa kujiandaa.

Ukipata g ya karibu 39, umehesabu kwenda na kurudi kama mibembeo miwili. Mbembeo mmoja ni kwenda hadi kurudi pale pale, ukielekea upande ule ule.

Ukipata karibu 9.4 au 9.5, angalia ulivuta gololi kwa pembe gani. Kanuni tunayotumia ni ya pembe ndogo. Kwa nyuzi 10 haidhuru, lakini kwa nyuzi 30 kipindi hurefuka kwa asilimia 1.7 na g hushuka hadi 9.45. Wanafunzi hupenda kuvuta sana kwa sababu mbembeo mkubwa unaonekana vizuri. Bandika karatasi nyeupe nyuma ya uzi, chora alama katikati, na mbembeo mdogo utaonekana vilevile.

Kosa la urefu ndilo ninalolipenda zaidi, maana grafu hulifichua peke yake. Urefu hupimwa kutoka mahali uzi ulipobanwa hadi katikati ya gololi. Mwanafunzi akipima hadi juu ya gololi tu, na gololi ina kipenyo cha sentimita 2, kila urefu umepungua sentimita 1. Kwa uzi wa sentimita 50, akikokotoa kwa mstari mmoja wa jedwali atapata 9.59. Lakini akichora grafu ya mraba wa kipindi dhidi ya urefu, mteremko hauharibiki hata kidogo, na g itatoka sawa. Kitu kimoja tu kitamshangaza: mstari haupiti sifuri, unaukata mhimili wa urefu upande wa hasi, sentimita 1 nyuma. Ile sentimita 1 ndiyo nusu ya kipenyo aliyoisahau. Amepima ukubwa wa gololi bila kujua! Akipima hadi chini ya gololi, mstari utakata upande wa chanya. Mwanafunzi anayelazimisha mstari upite sifuri kwa sababu "lazima upite" anatupa zawadi hiyo na anaharibu mteremko papo hapo.

Yaliyobaki ni ya fundi. Uzi uliofungwa kwenye msumari hujizungusha kidogo kila mbembeo, na urefu hubadilika. Ubane katikati ya vipande viwili vya kizibo, au sarafu mbili ndani ya klampu. Uzi wa nailoni hurefuka ukibeba mzigo, kwa hiyo pima urefu gololi ikiwa tayari inaning'inia. Stendi ikitikisika, weka jiwe juu ya kitako chake. Gololi ikianza kuzunguka duara badala ya kwenda na kurudi, simamisha, anza upya. Na kama shule yako iko Makambako, funga madirisha ya upande wa upepo kabla ya kumlaumu mtoto.

Springi: namba za mwanzo hazikai kwenye mstari wa grafu

Springi mpya huwa na pete zilizobanana. Mzigo wa kwanza wa gramu 20 au 50 unatumika kuzitenganisha tu, springi hairefuki inavyopaswa, na grafu ya mzigo dhidi ya urefu inaanza na kona. Anza na mzigo ambao tayari umezitenganisha pete, uite huo mwanzo wako. Kona ikiwa mwisho wa grafu, juu, springi imevutwa kupita uwezo wake. Itoe mizigo yote, ipime tena. Isiporudi urefu wake wa awali, haifai tena kwa jaribio hili, na isirudishwe kabatini pamoja na nzima. Nimewahi kukaa saa nzima na darasa, katika shule moja niliyofundisha, kwa sababu ya springi moja ya namna hiyo iliyochanganywa na wenzake.

Umeme: mshale umekufa, au umeng'ang'ania upande mmoja

Hapa ndipo muda mwingi unapotea, na ndipo vifaa vyetu vinapoteseka zaidi. Rungwe mvua ni nyingi, stoo zina unyevu, na shaba hupata kutu ya kijani kwenye vikazio, yaani skrubu za kubania waya. Kabla ya jaribio lolote la umeme nenda na kipande cha msasa mfukoni. Futa ncha za waya, futa midomo ya klipu, futa vikazio. Waya za shaba zilizotolewa kwenye mota au transfoma zina rangi ya kuhami inayofanana na shaba yenyewe, na usipoikwangua mkondo hautapita.

Kama amita haisogei kabisa, usianze kufungua kila kitu. Chukua voltimita, weka mguu wake hasi kwenye hasi ya betri na uuache hapo. Mguu wa chanya uutembeze kwenye sakiti, kituo kimoja baada ya kingine, ukianzia chanya ya betri. Sakiti iliyokatika haina mkondo, kwa hiyo kila kituo kabla ya mkato kitaonyesha volti zote za betri. Ukivuka mkato, usomaji unaanguka hadi sifuri. Tatizo liko kati ya kituo cha mwisho chenye volti na hicho cha sifuri. Mara nyingi utakuta ni swichi yenye ulimi uliolegea.

Kwenye potenshiomita, yaani waya mrefu unaolinganisha volti za betri ndogo inayopimwa na za betri kuu, malalamiko ni yale yale miaka yote: mshale wa galvanomita (kipimo cha mkondo mdogo sana) unaenda upande mmoja tu, hakuna pa kusimama sifuri. Wanafunzi hupika hapo, wanaandika 62.5 kwa sababu jirani ana 62.0. Badala yake gusa joki (ncha ya kugusia waya) karibu na mwanzo wa waya, kisha gusa hatua kwa hatua kuelekea mwisho, ukiangalia mshale unabadilikaje.

Ukizidi kupotoka kadiri unavyoenda mbali, betri inayopimwa imegeuzwa. Chanya yake na chanya ya betri kuu lazima zikutane ncha moja ya waya. Ukipungua kadiri unavyoenda mbali lakini haufiki sifuri hadi waya unaisha, betri kuu ni dhaifu kuliko inayopimwa, au reostati (ukinzani unaorekebishwa) imeachwa ikizuia sana. Punguza reostati kwanza, kisha fikiria kuongeza betri. Na ukikaa pale pale karibu bila kubadilika popote unapogusa, sakiti ya betri kuu imekatika, na kinachosukuma mshale ni betri ndogo peke yake. Nyayo tatu, vyanzo vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kifaa kipya.

Kwenye daraja la mita, yaani waya wa mita moja unaolinganisha ukinzani usioujua na unaoujua, mshale ukielekea upande mmoja kwa nguvu kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono mmoja wa daraja uko wazi. Kaza vikazio vya pengo la kushoto, kisha la kulia. Ukipata sehemu ya usawa lakini iko kwenye sentimita 8 au 93, si kosa la kuunganisha, ila jibu lake halitaaminika, kwa kuwa kosa la milimita chache karibu na ncha ni sehemu kubwa ya urefu mfupi. Badilisha ukinzani unaoujua hadi usawa uangukie kati ya 30 na 70. Na joki iguswe, isiburutwe. Waya uliokwanguliwa na joki kwa miaka kumi si mwembamba sawasawa tena, na daraja zima linasimama juu ya usawa huo.

Betri za tochi zina hila moja. Voltimita pekee inaweza kuonyesha 1.5 kwenye betri iliyochoka, kwa sababu voltimita haivuti mkondo wa maana. Ipime ikiwa inawasha balbu. Ikishuka sana, iweke pembeni. Baridi nayo huongeza ukinzani wa ndani, kwa hiyo Makete au Njombe mwezi Julai, betri iliyolala stoo hutoa matokeo tofauti na ile iliyokaa mezani hadi saa tano. Zitoe mapema. Usichanganye mpya na kuukuu. Usomaji ukishuka taratibu huku mwanafunzi akiandika, swichi imeachwa imewashwa. Iwashwe pale tu anaposoma.

Kuna grafu moja ya umeme inayopinda na haina kosa: volteji dhidi ya mkondo kwa balbu ya tochi. Waya wa ndani unapata moto na ukinzani wake unapanda. Nimeona watoto wakiinyoosha kwa rula. Iacheni ipinde.

Mwanga: n ya kioo si 1.5

Hapa n ni namba inayoonyesha kioo kinaupinda mwanga kiasi gani. Jibu likiwa chini ya 1, pembe zimepimwa kutoka kwenye uso wa kioo badala ya mstari uliosimama wima juu ya uso huo. Kwa mfano, mwanga unaoingia kwa nyuzi 30 hupinda hadi karibu 19.5 ndani ya kioo. Ukipima kutoka usoni utaandika 60 na 70.5, na hesabu itatoa 0.92. Likiwa 1.3 kwenye mstari mmoja wa jedwali na 1.7 kwenye mwingine, kioo kilisogea au pini za kuonyesha njia ya mwanga zilikaribiana mno. Ziachanishe sentimita 5 au zaidi, na utazame miguu ya pini, maana vichwa vyake hupinda. Miale ya kuingia na kutoka isipokuwa sambamba, kioo kimesogea. Rudia, hakuna njia ya kukiokoa kipimo hicho.

Sauti na umeme tuli

Nayaunganisha kwa sababu yote mawili hulaumiwa kwa hali ya hewa, moja kwa haki na jingine bila haki.

Mwendo wa sauti hautegemei mwinuko. Unategemea joto. Hewa ya nyuzi 15 hutoa karibu 340 m/s, Mbeya au Dar es Salaam. Ukitumia bomba lililochovywa majini na uma wa sauti wa 512 Hz ukapata kama 315, usiseme ni hewa nyepesi ya milimani. Umetumia peke yake urefu wa kwanza wa hewa unaofanya bomba livume, na wimbi huanza nje kidogo ya mdomo wa bomba, karibu 0.3 ya kipenyo chake. Tafuta mahali pa pili bomba linapovuma, toa urefu wa kwanza kwenye wa pili, na nyongeza hiyo inajifuta.

Umeme tuli ndio wenye haki ya kulalamika. Kuanzia Desemba hadi Aprili, hewa ikiwa na unyevu, chaji hukimbia kabla elektroskopu (kifaa cha kuonyesha chaji) haijafungua jani. Kausha fimbo na kitambaa juani au karibu na jiko la mkaa. Vizuri zaidi, panga mada hiyo Julai au Agosti, wakati sweta ikivuliwa inatoa cheche yenyewe.

Joto: "kipimajoto kimeharibika, maji yanachemka kwa 94"

Kipimajoto ni kizima. Kiweke kwenye barafu inayoyeyuka. Kikisoma 0, upande huo kinasema kweli, kwa kuwa kiwango cha kuyeyuka kwa barafu hakiguswi na mwinuko kwa namna tunayoweza kuipima. Kuchemka ndiko kunakobadilika, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Mbeya mjini ni karibu 94, Iringa karibu 95, Njombe kati ya 93 na 94. Shuka Kyela, ndani ya mkoa huohuo wa Mbeya, ziwani kwenye mita 500 hivi, utapata zaidi ya 98. Mama anayepika maharage Njombe anaijua fizikia hii kwa gharama ya mkaa. Kwa sababu hiyohiyo zebaki ya barometa Mbeya husimama karibu sentimita 62, si 76, na si kwamba hewa imeingia kwenye bomba.

Anayetumia maji yanayochemka kama nyuzi 100 katika hesabu ya kalorimita (chombo cha kupimia joto) anaanza na kosa la nyuzi 6. Asome kipimajoto chake. Kwenye jaribio la kuyeyusha barafu, joto fiche, yaani joto linalohitajika kuiyeyusha, likitoka dogo kuliko joule 334 kwa gramu, barafu iliingia ikiwa na maji. Ikaushe kwa karatasi ya chooni kipande kwa kipande.

Limebaki jaribio la maji ya moto kuganda kabla ya maji ya baridi, ambalo wanafunzi wa Iringa huniomba kila mwaka, na ndilo gumu kuliko yote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Wenzake walicheka tena. Osborne alirudi akajaribisha, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Kijana yule angeweza kuandika jibu linalotakiwa na kunyamaza.

Ukilirudia, kwanza kubali kwamba Iringa huna maji ya nyuzi 100. Anza na 90. Halafu tarajia kila mara jibu tofauti, na utafute kwa nini. Chombo cha moto kikiwekwa juu ya theluji ya friza huiyeyusha, kinagusana vizuri na chuma, na kinapoa haraka kwa sababu hiyo tu. Weka vyombo vyote juu ya kipande cha mbao. Maji ya moto hupungua kwa mvuke, basi pima uzito kabla na baada. Badilishana nafasi za vyombo katika duru ya pili, maana friza haina baridi sawa kila kona. Amueni kabla ya kuanza kama "kuganda" ni jani la kwanza la barafu au chombo kizima. Umeme ukikatika katikati, duru hiyo haihesabiwi.

Kisha kipimajoto. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walilipima upya suala hili na kuonyesha kwamba kukosea nafasi ya kipimajoto kwa sentimita 1 tu kunatosha kuleta tofauti inayofanana na ile ya Mpemba. Kwa hiyo funga uzi mwekundu kwenye kila kipimajoto, kina kilekile, kibane ili kisielee wala kuegemea ukuta wa chombo, na andika kina hicho juu ya jedwali kabla ya namba ya kwanza.